Mdomo wa Thoya

Kakuyuni, 22 Machi

Kosa wanalolifanya wengi, sauti yao ikiwachosha, ni kukimbilia dukani kununua mdomo mpya. Nasema mdomo kwa maana ya kile kipande kinachochomekwa kwenye shingo ya saksofoni na kutiwa kinywani. Wapigaji wa Malindi tulikiita hivyo tangu zamani, na sijaona sababu ya kukiita vingine. Mtu hujiambia: sauti yangu ni nyembamba kwa sababu mdomo wangu ni mbaya. Nimefundisha muziki na jiografia miaka thelathini na mitatu, nimewaonya wanafunzi wengi juu ya kosa hilo, na leo, nikiwa na miaka sabini na miwili, nimeketi barazani na mdomo mmoja mkononi nikipanga wapi pa kupata mwingine.

Saksofoni yenyewe ililetwa jana na pikipiki kutoka Marafa, imefungwa kwa leso mbili. Ni ya rafiki yangu Thoya, aliyefariki Januari ya mwaka jana. Aliyeituma ni mkewe, Kabibi, ambaye mimi humwita Mama Pola kwa jina la binti yake wa kwanza. Pamoja nayo alituma karatasi: "Mwalimu, matanga makubwa ni tarehe nane Juni. Nataka Thoya apigiwe saksofoni yake, na mpigaji ni wewe. Isiwe kama ya kanisani. Iwe kama alivyopiga yeye."

Nieleze, kwa kuwa daftari hili nitalitia ndani ya sanduku la saksofoni alisome atakayeirithi. Sisi Wagiriama tuna matanga mara mbili. Ya kwanza ni ya kulia, mara tu baada ya mazishi. Ya pili huja baada ya mwaka au zaidi, nayo ni ya kumwachia marehemu aende. Hapo ndipo huchongwa kikoma, kigingi cha mti mgumu, kikasimikwa kwa ajili yake naye akapata pa kukaa. Kabla ya hapo huhesabiwa kuwa yuko njiani. Mimi ni mzee wa kanisa, na habari za koma, yaani roho za waliokufa, nimezifundisha darasani kama historia.

Saksofoni ilikuja bila mdomo. Kabibi hakusema lolote kuhusu hilo. Nami sikuuliza.


25 Machi

Nimejaribu mdomo wa kwanza, wa plastiki, niliopewa na shule nilipostaafu. Sauti iko sawa, safi, haina kosa wala haina mtu ndani yake. Jedida, mke wangu, alitoa kichwa dirishani.

"Baba Hope, huyo ni mbuzi wetu au wa jirani?"

"Ni Thoya," nikamwambia, kwa mzaha.

Akarudisha kichwa ndani bila kucheka.


26 Machi

Joto. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka.


2 Aprili

Mvua ya kwanza imeshuka saa tisa alasiri. Hewa ikijaa maji, pedi za ngozi zinazoziba matundu ya saksofoni huvimba na kunata. Ridi nayo, ule ulimi mwembamba wa mwanzi unaofungwa chini ya mdomo, hujikunja kama karatasi. Ulimi ukijikunja sauti hukwaruza. Nimeweka tatu juu ya kioo zikauke.


5 Aprili

Nimekwenda Malindi kwa Ndirangu. Ana kibanda nyuma ya soko, anatengeneza redio, gitaa na vinanda vya makanisa. Amekaa hapa miaka ishirini na Kiswahili chake bado kina baridi ya bara.

"Mzee, unatafuta nini haswa?"

"Sauti nene, yenye moshi kidogo."

"Moshi enda Ganze, huko kuna makaa."

Alinitolea midomo miwili, mmoja wa chuma na mmoja wa mpira mgumu mweusi. Tofauti ya midomo iko mahali pawili. Kuna ule uwazi ulioko kati ya ulimi na ncha: ukiwa mpana, pumzi nyingi hupita na sauti huwa kubwa, lakini ni tabu kuishika. Kisha kuna tumbo la ndani: likiwa kubwa sauti huwa ya chini na laini, likiwa dogo sauti hukata kama wembe. Haya nimeyajua nusu ya maisha yangu, na hayakunisaidia leo.

Ndirangu aliniambia nisimame nimetazama ukuta, nipige wimbo uleule kwa midomo yote mitatu. Yeye alitoka nje, akakaa kwa mwuza chai. Nilipomaliza alirudi na kikombe.

"Ya kwanza na ya tatu ni moja."

"Ya kwanza ni ya plastiki, Ndirangu. Ya tatu ni ya chuma."

"Basi masikio yangu yameingia maji. Lakini nakwambia ukweli, mzee, kutoka kule nje ni wewe tu. Wewe, wewe, na tena wewe."

Alisema kweli, na sababu yake ni rahisi. Meno ya juu hukaa juu ya mdomo, kwa hiyo mpigaji hujisikia kupitia mfupa wa taya. Kwake tofauti ni kubwa mno. Msikilizaji hana taya lako. Nilimweleza hivyo, akaniuliza kama hata hivyo nitaichukua yote miwili. Nikaichukua.

Kwa hiyo sasa ninayo mitatu. Kuna na wa nne, ambao siuhesabu.


9 Aprili

Mvua. Pedi zinanata.


14 Aprili

Nilikuwa nikipiga sauti ndefu kwa ule mdomo wa chuma. Zoezi ni hili: unashika sauti moja hadi pumzi iishe, kisha unanyamaza na kusikiliza chumba. Mvua ilikuwa imetulia, ikabaki ile ya kudondoka. Pumzi ikaisha. Nikautoa mdomo kinywani. Sauti ikaendelea.

Nilihesabu hadi nne. Haikutoka kwenye saksofoni. Ilitoka upande wa stoo, ambako tunaweka mahindi na makopo ya zamani, na haikuwa sauti ya mdomo wa chuma. Ilikuwa na moshi.

Bati huvuma mvua ikiligonga. Nimeliandika hilo nikiwa nimesimama, mgongo ukiwa ukutani.


17 Aprili

Mdomo wa mpira ni bora kuliko wa chuma. Hautoshi.


21 Aprili

Kabibi amepiga simu saa nne asubuhi. Tuliamkiana kwa kirefu, akauliza hali ya Jedida, nikauliza hali ya mihogo. Kisha akasema:

"Mwalimu, nimemwota tena. Hii ni mara ya tatu."

"Nani?"

"Nani mwingine? Anasimama mlangoni na lile shati jeupe tulilomzika nalo. Anafungua kinywa kama anayetaka kunisemesha. Hakitoki kitu. Anapapasa mfuko wa shati, hivi, upande wa kushoto, halafu ananitazama kama mimi ndiye niliyeweka."

"Umemwambia mchungaji?"

"Mchungaji ataniombea, na nitashukuru. Wewe nakuuliza kama msomi. Mtu akipapasa mfuko, anatafuta nini?"

Nilimwambia mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa ukisumbua.


22 Aprili

Nitaandika sasa jambo ambalo Jedida halijui.

Mdomo aliokuwa akitumia Thoya alipewa mwaka 1986 na mgeni Mtaliano, mpigaji, katika hoteli tulimokuwa tukipiga kila Jumamosi, yeye akiwa mbele na mimi nyuma yake nikimshikia sauti ya pili. Ni wa mpira mgumu, na kwa uzee umepauka ukawa na rangi ya zeituni. Tangu siku hiyo sauti yake ilibadilika. Watu waliokuwa wakila waliweka uma chini. Niliuomba mara moja tu, kwa wimbo mmoja. Alinijibu mbele ya bendi nzima: "Mwalimu, na kesho utaniomba mswaki?" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nilicheka hivyo miaka thelathini na saba.

Siku ya mazishi Kabibi aliutia katika mfuko wa shati lake, upande wa kushoto, aende nao. Kisha akatoka. Wengine walipokwisha kumuaga, niliomba nibaki na rafiki yangu peke yangu kwa muda wa kusoma Zaburi moja. Sikusoma Zaburi. Mkono wangu uliingia katika mfuko ule na kutoka na mdomo, na jambo zima halikuchukua hata muda wa aya ya kwanza. Nilifungua mlango. Kabibi akaingia, akamgusa kifuani mara ya mwisho. Ndipo ikapigwa misumari.

Nilijiambia nazuia kitu kizuri kisioze. Mpira mgumu hauozi. Mwalimu wa jiografia analijua hilo.

Uko stoo, katika kopo la majani ya chai, umefungwa kwa leso ya mkononi. Miezi kumi na mitano sijaupiga hata mara moja. Nilijua nitamsikia Thoya na kuona haya, au nitajisikia mimi na kuona haya zaidi. Sasa mwenyewe anapapasa mfuko mlangoni kwa mkewe, na mimi ninapima uwazi wa ncha za midomo ya watu wengine.


3 Mei

Mto Sabaki umefurika. Wanasema njia ya Marafa imekatika mahali pawili. Nilifurahi, kisha nikajua kwa nini nimefurahi.


6 Mei

Jedida ameuliza mbona nimeacha kwenda stoo, maana mahindi analeta yeye siku hizi. Nikamwambia magoti. Akayatazama magoti.


12 Mei

Jumapili. Jedida alikwenda kanisani mapema. Mimi nilisema nina homa. Nililifungua kopo.

Thoya alikuwa na jino la mbele lililomeguka, alianguka na baiskeli utotoni. Kwa miaka yote ile jino hilo na mwenzake yalichimba vishimo viwili juu ya mdomo, kimoja kirefu na kimoja kifupi, vikielekea kushoto kidogo. Nilipoutia kinywani meno yangu yaliteleza yenyewe yakaingia katika vile vishimo. Taya langu lilivutwa kushoto. Si mkono uliolivuta. Lakini kwa muda ule uso wangu ulikaa kama uso wake, na nililijua hilo kama mtu ajuavyo kwamba kuna mwingine chumbani.

Nikapuliza.

Ilikuwa yeye. Sisemi ilifanana naye. Ile sauti nene, na ule moshi, na ile tabia yake ya kuifikia noti kutoka chini, kama anayepanda ngazi moja aliyokuwa ameisahau. Haikudumu. Sekunde tatu, labda nne. Kisha ikanyooka, ikasafika, ikawa sauti yangu: safi, haina kosa. Nilijaribu tena. Nilijaribu hadi mdomo wangu wa chini, huu wa nyama, ukatoka damu. Ilibaki yangu tu. Miaka thelathini na saba nilikionea wivu kipande cha mpira, na sauti haikuwa humo. Ilikuwa katika koo la mtu, na koo lile tumelizika.

Mfafanuzi ndani yangu aliniambia kwamba zile sekunde za kwanza zilikuwa kumbukumbu. Nilikuwa karibu kumwamini. Ndipo Jedida akatokea uani, Biblia kwapani, amerudi kabla ya mahubiri kuisha kwa sababu ya ile homa yangu.

"Nani alikuwa akipiga?"

"Mimi."

"Huyu wa mwisho ni wewe. Nauliza yule wa kwanza."


13 Mei

Sikupiga.


14 Mei

Sikupiga. Nimemwambia Jedida yote. Alisikiliza hadi mwisho akichambua mchicha, kisha akasema: "Kwa hiyo nimekuwa nikipika chakula nyumba moja na mdomo wa maiti." Baadaye akaniuliza njia ya Marafa itafunguliwa lini.


19 Mei

Marafa. Njia imefunguliwa jana. Udongo mwekundu umeshuka kutoka kwenye magenge ya bonde hadi barabarani, viatu vyangu vikawa vizito kama vya askari.

Kabibi alikuwa akipepeta mahindi. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Pola." Na nilipokwisha kuamkiwa kwa heshima ile nilitamani ardhi inimeze. Nilitoa leso ya mkononi, nikaifungua juu ya mkeka, kati yetu.

Hakuugusa. Aliendelea kupepeta kwa muda, kisha akaweka ungo chini.

"Siku ile nilipoingia kumgusa," akasema, "mfuko ulikuwa bapa."

"Ulijua?"

"Nilijua hakuna mdomo. Sikujua ni nani. Mle ndani mliingia watu wanne kabla ya misumari: shemeji zangu wawili, mchungaji, na wewe. Nikasema, aliyeuchukua atakuja kuomba saksofoni, maana mdomo peke yake haulii. Nikangoja. Wakaja watu. Dena akaja, anataka kuuza. Wale wa bendi wakaja. Mtu mmoja akaja kutoka Mariakani ambaye sijapata kumwona. Kila mmoja aliuliza mdomo wake uko wapi. Wewe peke yako hukuja, na wewe ndiye ungekuja wa kwanza. Basi nikakuletea mwenyewe, nione kama utauliza mdomo uko wapi."

"Sikuuliza."

"Hukuuliza."

Kuku aliparamia mkeka, Kabibi akamfukuza kwa upande wa mkono.

"Na ile ndoto?" nikauliza.

"Ndoto ni kweli. Mara mbili. Ya tatu nilikuongezea mimi, uogope."

Sikujua kama nicheke. Nilimwambia kwamba nimeupiga mdomo ule na haukunipa sauti ya Thoya, na kwa hiyo sitaweza kupiga kama alivyoagiza katika karatasi yake.

"Nimemsikia Thoya miaka thelathini na minane, Mwalimu. Siku nyingine nilitaka kulala tu. Utapiga kwa mdomo wako. Huu utaurudisha kwa mkono wako, siku ile, kikoma kikisimikwa, mbele ya Dena na kila mtu."

Dena ni kaka yake mkubwa Thoya, ndiye msimamizi wa matanga. Watakuwapo waliokuwa wanafunzi wangu, na wazee wa kanisa langu wawili. Nilimwambia hivyo.

"Nawajua," akasema. "Nimewaalika mimi."


27 Mei

Sauti ndefu kila asubuhi, mdomo wa plastiki. Ya Ndirangu nimemrudishia. "Hii itaisha lini, mzee, shida?" akauliza. Nikamwambia tarehe nane.


2 Juni

Mvua zinapungua. Pedi hazinati tena. Sijasikia kitu stoo. Lakini kopo nalo sasa ni tupu, na mdomo uko Marafa katika kikapu cha Kabibi, na huenda ukisikika unasikika huko.


8 Juni

Kikoma kilisimikwa asubuhi, jua likiwa bado jepesi. Kimepakwa rangi na kuvikwa kitambaa shingoni. Dena alimwaga tembo la mnazi na maji ya unga chini yake, akamwita Thoya na baba zake kwa majina. Kisha Kabibi akanipa ile leso ya mkononi yenye mdomo, mbele ya watu wote.

Nilisema nilichofanya. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa yalikuwa mengi na yalikuwa na maelezo. Nilitumia machache. Nilikisikia kitambaa cha kikoma kikipepea.

Dena ana miaka themanini na masikio mazuri. "Kwa hiyo mdogo wangu amekaa mwaka na miezi mitano bila mdomo."

"Ndiyo, kaka."

"Na wewe kwa wakati huo ulikuwa na midomo mingapi?"

"Minne."

Mtu alicheka nyuma, kisha wengi. Sikujua kama kicheko ni adhabu au ni mlango. Nilisimama ndani yake. Kilifanana sana na kile cha 1986, ila safari hii sikujilazimisha kucheka.

"Mimi nilifikiri nitakutoza mbuzi," akasema Dena walipotulia. "Lakini mbuzi ana kosa gani? Piga magoti umwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikapiga magoti, mimi mzee wa kanisa, na wazee wenzangu wawili wakinitazama. Nilifukua udongo mwekundu kwa vidole, kina cha kiganja. Nilisema: Thoya, ni mimi Japheth. Mdomo wako ni huu. Niliuchukua kwa sababu nilikuwa nyuma yako siku zote. Nikauweka, vishimo vya meno vikitazama juu, nikafukia.

Kisha nikapiga. Nilipiga wimbo tuliokuwa tukifungia kazi hotelini, na kwa mazoea nilipiga sehemu yangu, sauti ya pili, ile ya nyuma. Nilikuwa nimefika katikati ndipo nikagundua kwamba hakuna wa mbele. Nikaendelea hivyohivyo. Nafasi yake niliiacha wazi kila ilipofika, na watu wakaanza kuijaza kwa kuimba vinywa vimefumbwa, wa kwanza akiwa Kabibi, maana wimbo ule aliujua hata usingizini. Noti ya mwisho ni ndefu. Niliishika hadi pumzi ikaisha, nikautoa mdomo kinywani, nikasikiliza.

Ilikuwa imekwisha. Ilikwisha pale nilipoiacha.

Kabibi alinijia akijifuta uso kwa ncha ya leso. "Hiyo ndiyo sauti yako?"

"Ndiyo, Mama Pola."

"Nyembamba kidogo," akasema. "Piga tena."


9 Juni

Mzee mmoja wa kanisa hajanisalimu. Mwingine ameniletea papai.

Wewe utakayeirithi saksofoni hii, mdomo wake ni ule wa plastiki wa shule, na unatosha. Kabla hujaenda kutafuta mwingine, ingia stoo kwako, fungua makopo yote, na ukikuta kitu cha mtu, mrudishie leo.